Muulize Shangazi: Mchungaji ameonyeshwa giza, moyo wangu umetulia

Mwezi huu kuna barua zimekuja kutoka pande tofauti na dini tofauti lakini zote zinalia kilio kimoja, mtu ninayemwamini kiroho anasema hivi na ndani yangu nasikia vile. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnivumilie, maana ni jambo ambalo nimeona likivunja watu wazuri hapa Uganda na sitaki kulipita juujuu.

SWALI: Shangazi habari ya kazi. Mi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba pale Owino, nguo za watoto. Mume wangu alifariki na kusema kweli aliyenishika mkono wakati ule ni mchungaji wangu, alikaa na sisi msiba wote, watoto wakakosa karo ya shule akaongea na watu wakachanga, na sijawahi kumsikia akitafuta pesa za watu kwa ujanja, sio wale wa kuuza maji na mafuta. Sasa mama yangu yuko Arua, amepata kiharusi, upande mmoja hausogei, anakaa na wasichana wa kazi ambao kila saa wanaondoka. Nimepanga nihame nirudi nyumbani, biashara naweza kufanya kule maana wateja wanatoka mpaka Congo na Sudani Kusini na Kiswahili nakijua, shule ya watoto nimeshaulizia. Nimeomba, nimefunga, moyo umetulia kabisa. Nikaenda kwa mchungaji anibariki, akanyamaza, akasema nimpe wiki. Wiki ikaisha akaniita, anasema ameonyeshwa kwenye maombi giza kwenye njia ya Arua na mimi nalia, kwa hiyo Mungu hataki niende na nikienda nitakuwa nimetoka chini ya kifuniko, yaani ulinzi wa kiroho ninaoupata chini yake. Tangu siku hiyo silali. Wamama wa ushirika wananiambia usimguse mpakwa mafuta, mwingine kanikumbusha kwamba Biblia inasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Nisikilize nani Shangazi, mtumishi wa Mungu au moyo wangu?
Mama wa Owino, Kampala

JIBU: Mwanangu, pole sana na mama, na pole na huko kutolala.

Nianze na mchungaji wako. Kwa jinsi ulivyomweleza simweki kwenye kundi la matapeli na sitaki msomaji yeyote amuweke huko. Tapeli ni rahisi, ukishamjua unaondoka. Kazi ngumu ni huyu wako, mtu mwema, anayekupenda, aliyekaa na wewe kwenye msiba, halafu anakuambia kitu ambacho ndani yako hakikai. Hapo ndipo watu wanachanganyikiwa wanafikiri lazima wachague, ama yeye ni nabii wa uongo ama mimi ni muasi. Hapana. Kuna njia ya tatu na iko kwenye Biblia hiyohiyo mnayoisoma kwenye ushirika wenu.

Fungua Matendo ya Mitume 21. Paulo yuko njiani kwenda Yerusalemu. Anafika Tiro, waumini pale wanamwambia kwa uongozi wa Roho asipande kwenda. Anafika Kaisaria, nyumbani kwa Filipo, anakuja nabii anaitwa Agabo. Na huyu Agabo si mtu wa mchezo, sura ya 11 inasema ndiye aliyetabiri ile njaa kubwa na ikaja kweli wakati wa Klaudio. Basi Agabo anachukua mshipi wa Paulo, anajifunga mikono na miguu, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Watu wote wakaanza kulia wakimsihi asiende, hata Luka aliyeandika kitabu alikuwa kati ya waliomsihi. Na Paulo akaenda.

Sasa angalia vizuri hapo, maana ishu yako yote iko hapo. Agabo alikosea? Hapana, Paulo alifungwa kweli. Lakini Agabo hakusema usiende. Alisema alichoonyeshwa. Neno la usiende lilitoka kwa watu waliompenda Paulo, waliona minyororo wakahitimisha wenyewe kwamba Mungu hataki. Maono yalikuwa ya Mungu, hitimisho lilikuwa la mapenzi yao kwa rafiki yao.

Mchungaji wako ameona giza kwenye njia ya Arua na wewe unalia. Mwanangu, mama yako ana kiharusi. Unadhani hutalia Arua? Unaenda kumgeuza kitandani, kumlisha, na siku moja, Mungu aicheleweshe, utamzika. Inawezekana kabisa mchungaji wako ameona sawasawa na machozi yatakuwepo, ila kile kipande cha mwisho, kwa hiyo Mungu hataki uende, hicho amekiongeza yeye kwa sababu hataki kukuona ukilia tena kama ulivyolia kwa mume. Simlaumu, lakini ni kitu tofauti na maono na wewe una haki ya kuvitenganisha. Rudi kwake umuulize kwa heshima, mchungaji uliona nini hasa, na ni wapi kwenye hayo maono uliambiwa nisiende? Usiogope kuuliza. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Yaani hata neno la nabii linawekwa mezani watu waliangalie. Mtu akisema nimeonyeshwa haimaanishi mazungumzo yameisha.

Halafu kuna kitu ambacho sijui kwa nini kwenye huo ushirika wenu hakuna aliyekitaja. Kumtunza mzazi si jambo la kusubiri maono, ni amri iliyoandikwa. Soma Marko 7, Yesu aliwakasirikia viongozi wa dini kwa jambo hilihili, mtu anasema mali ambayo ingemsaidia mama yangu nimeshaitoa korbani, ni ya Mungu, na viongozi wanamruhusu asimfanyie tena mzazi wake chochote. Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Kwa hiyo ukiweka kwenye mizani, upande mmoja kuna amri ambayo kila mtoto wa Sunday school anaijua, upande mwingine kuna tafsiri ya maono ya mtu mmoja. Mimi nikiulizwa kipi kizito sisiti hata dakika.

Turudi kwa moyo. Ni kweli Yeremia 17 inasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Ila haikusema moyo wa mama wa Owino. Ni moyo wa kila mtu, na mchungaji wako naye anao. Ule mstari haukuandikwa ili wewe uchukue moyo wako wenye kasoro ukaukabidhi kwa moyo wa mtu mwingine wenye kasoro vilevile ukadhani sasa umepona, mstari unaofuata Mungu anasema mimi nauchunguza moyo. Basi na wewe uchunguze, usiuamini tu kwa sababu umetulia. Maana utulivu nao unaweza kudanganya, mtu akishachoka na Kampala, na kodi ya kibanda, na madeni ya wauzaji wa jumla kule Kikuubo, akiwaza kuondoka lazima atasikia raha, na ataiita amani ya Mungu.

Kaa chini ujiulize maswali magumu. Kuna mtu ninamkimbia hapa? Kuna deni? Biashara ya Arua ikilala mwaka mzima wa kwanza, bado nitaona nilifanya sawa? Ndugu zangu wengine wangekubali kumtunza mama kesho, ningetaka kwenda bado au ningepumua nikabaki? Na hofu uliyonayo sasa ni sauti ya Mungu ikikuzuia, au ni woga wa kumuudhi mtu uliyemzoea kama baba? Hivi ni vitu viwili na vinafanana sana usiku ukiwa huna usingizi. Mimi nimegundua kwamba moyo unaosema kweli unavumilia maswali, unakuwa na jibu lilelile asubuhi na jioni, ukiwa umeshiba na ukiwa na njaa, lakini tamaa inataka haraka na haitaki kuulizwa.

Na usijichunguze peke yako. Tafuta watu wawili watatu wenye hekima ambao hawana faida ukienda wala ukibaki, hata ssenga wako, shangazi yako, kama yupo, uwaambie yote pamoja na alichosema mchungaji. Walokole wa zamani wa nchi hii, wale wa uamsho ulioanza miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, mtu analeta jambo lake mbele ya ndugu linaangaliwa hadharani. Hawakuliacha kwa mtu mmoja. Na walijua pia kusimama, mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha dini pale Mukono walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa sababu hawakukubali kuacha kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri pamoja kama walivyoagizwa na wakubwa wao. Wakafukuzwa, na hawakuanzisha dini yao kwa hasira, uamsho ukabaki ndani ya kanisa lilelile. Kukataa jambo moja alilosema mkubwa wako wa kiroho sio kumkataa yeye.

Kuhusu usimguse mpakwa mafuta. Huo mstari ni Zaburi 105, na mtu akiusoma kuanzia juu ataona unamhusu nani. Unaongelea Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hata taifa, na waliokemewa wasiwaguse ni wafalme. Wenye nguvu ndio wanaoambiwa wasiwadhuru wasafiri. Leo umegeuzwa unatumika kumnyamazisha mjane anayetaka kusafiri kwenda kwa mama yake, inaniuma sana. Hata Daudi aliyekataa kumdhuru Sauli kwa sababu ni mpakwa mafuta, hakuacha kumwambia wazi kwamba amemkosea, na baada ya kuongea vizuri na kulia, Sauli akaenda kwake na Daudi akarudi ngomeni kwake. Alimheshimu na hakumtii.

Nataka pia nikupe mfano wa mzee wa kiroho anayefanya kazi yake inavyotakiwa. Ni Eli. Yule mtoto Samweli anasikia anaitwa usiku, anakimbia kwa Eli kwa sababu amezoea kila sauti ni ya mzee. Eli angeweza kusema ndiyo ni mimi. Lakini alipoelewa akamwambia rudi ukalale, ukiitwa tena useme nena Bwana mtumishi wako anasikia. Akamrudisha akasikilize mwenyewe. Asubuhi akataka kuambiwa kila kitu, na maneno yenyewe yalikuwa mabaya kwa nyumba yake Eli, na akayapokea. Kiongozi wa namna hiyo mshike sana, umri unaenda na hao ni wachache. Anakufundisha kusikia, hataki kusikia kwa niaba yako maisha yako yote.

Sasa nitasema jambo zito na naomba usidhani namfananisha mchungaji wako na watu hawa. Sisi Waganda tuna Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyofungwa, kundi la Kibwetere na Credonia Mwerinde, na viongozi wale walikuwa na padri msomi kabisa pamoja nao, Kataribabo. Watu wanauliza mpaka leo, hao waumini walikuwa wajinga? Hawakuwa wajinga. Waliuza mali zao wakaleta kwa viongozi, wakaambiwa dunia inaisha mwisho wa 1999, ikafika Januari dunia ipo, na ndipo baadhi wakaanza kuuliza. Maana yake ile sauti ya ndani ilikuwepo! Tatizo ni kwamba kwenye kundi lile kulikuwa na amri ya kunyamaza, watu wanaongea kwa ishara za mikono, mke na mume wametenganishwa, mtu akipata shaka hana wa kumwambia. Shaka ya mtu mmoja ikikutana na shaka ya jirani yake inakuwa ushahidi, pale hazikuruhusiwa kukutana. Na wenzetu wa Kenya wakaona ya kwao Shakahola mwaka 2023, waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa, miili zaidi ya mia nne ikafukuliwa msituni. Ndio maana nakuambia kipimo changu cha kwanza kwa kiongozi yeyote sio miujiza yake wala elimu yake, ni kinachotokea pale muumini anaposema mchungaji mimi sioni hivyo.

Basi mpe mchungaji wako nafasi ya kupimwa, na mimi naamini atapita. Usimtumie mesej ya WhatsApp. Nenda, kaa naye, umwambie, nimekusikia, nimeomba tena, nimeuliza wazee, naenda kumtunza mama, naomba uniombee njiani. Kisha nyamaza umwangalie. Wale wa Kaisaria walipoona Paulo hashawishiki walisema mapenzi ya Bwana yatendeke, na wengine wao wakafunga mizigo wakamsindikiza mpaka Yerusalemu. Kama mchungaji wako atalia kidogo, akakuombea, akakutafutia hata namba ya mchungaji mwenzake wa Arua, huyo ni baba yako na usimwache, mpigie simu kila mara. Kama atakulaani, akakutaja kwenye madhabahu, akawaambia wamama wasikusalimie, basi mwanangu utakuwa umejua kitu ambacho ilikuwa bora ukijue.

Na hicho kifuniko. Soko unalouzia jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, linatokana na Yosefu Mukasa Balikuddembe, na wengi wanaopita pale kila siku hawajui habari zake. Novemba 1882 mapadri wamisionari waliondoka Buganda wakaenda kusini ya ziwa, wakarudi Julai 1885. Karibu miaka mitatu waumini wachanga kabisa, hawana padri hata mmoja, na huyu Mukasa mfanyakazi wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ndiye aliyewashika, wakafundishana, wakaombeana, na idadi ikaongezeka. Mwaka huohuo aliporudi padri, Mukasa alimkemea Kabaka Mwanga kwa kuamuru Hannington, askofu wa Kianglikana, auawe, na yeye akauawa tarehe 15 Novemba. Hakuna aliyemwambia aseme vile, ni dhamiri yake. Kama Mungu aliwafunika wale bila padri miaka mitatu, hatashindwa kukufunika wewe ukiwa Arua, mji uliojaa makanisa, unamwogesha mama yako.

Kitu cha mwisho kwako, kabla hujafunga kibanda tafuta mtu wa kukishika kwa miezi michache badala ya kukiachia moja kwa moja. Hiyo sio kukosa imani.

SWALI: Asalam aleikum Shangazi. Mi ni kijana wa boda hapa Bombo. Kuna SACCO inatoa mkopo wa pikipiki lakini una riba. Nikamuuliza sheikh wangu ambaye ndiye alinisomesha madrasa, akasema kwa hali yako ni dharura chukua. Nilifurahi, lakini nikifika nyumbani roho inakataa, sijui ni wasiwasi wa shetani ama nini. Nafanya istikhara lakini sijaota chochote. Yeye ndiye mwenye elimu, mi ni nani wa kumpinga?
Abiria wa mawazo, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam kijana wangu. Mi si mwanachuoni, kwa hiyo hukumu ya riba sikupi, nakuonyesha tu njia ya kurudi kwa wenyewe.

Barua yako ni kinyume cha yule mama, wewe umeruhusiwa na moyo ndio unazuia. Kuna hadithi ya Wabisa, sahaba wa Mtume, iko kwenye zile hadithi arubaini alizokusanya Imam Nawawi, alikuja kumuuliza Mtume kuhusu wema na dhambi akaambiwa uulize moyo wako, wema ni kile ambacho nafsi imetulia kwacho, na dhambi ni kile kinachokukereketa kifuani hata kama watu wamekupa fatwa. Kwa hiyo hicho unachosikia sio lazima kiwe shetani. Lakini usikimbie nayo mbali, maana wanazuoni kama Ibn Rajab wameeleza kwamba hii ni pale ambapo hakuna dalili iliyo wazi, kama dalili ya sheria ipo wazi unaifuata hata kama roho yako haijaridhika, mfano msafiri aliyeruhusiwa kufungua saumu hawezi kusema moyo wangu hautaki ruhusa.

Swali langu kwako ni moja tu na ujijibu ukiwa peke yako. Ulimwambia sheikh kila kitu? Maana fatwa inafuata swali. Kama ulimwambia huna kazi na kumbe unaendesha pikipiki ya mtu na unakula, ila unataka ya kwako haraka, basi alijibu dharura ambayo haipo, na yeye hana kosa. Mtume mwenyewe alisema, iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba yeye ni binadamu, watu wanamletea kesi na huenda mmoja ana ulimi mzuri kuliko mwenzake, basi atakayehukumiwa haki ya ndugu yake asiichukue, amekatiwa kipande cha moto. Kama hukumu iliyotoka mdomoni mwa Mtume haimsafishi mtu anayejua ukweli wake, ya sheikh wako itakusafisha vipi? Mi nadhani roho yako inakataa kwa sababu inajua kile ambacho hukukisema. Kama nimekosea basi vizuri, utakuwa umejua ni wasiwasi tu.

Rudi kwake na swali zima. Muulize pia kuhusu njia zingine, sheria ya mwaka 2016 ilifungua mlango wa benki za Kiislamu Uganda na 2023 Benki Kuu ikatoa leseni ya kwanza, na kuna vijana wa steji wanachangiana kila wiki mmoja ananunua pikipiki bila riba, inachelewa lakini inafika. Na istikhara haisubiri ndoto. Ni dua, unaomba, unachukua hatua, kama kuna kheri itarahisika na kama hakuna utaepushwa.

SWALI: Shangazi nisaidie haraka. Nina virusi vya UKIMWI, nameza dawa za ARV. Kituo cha afya wakapima wakasema virusi havionekani tena. Nikatoa ushuhuda kanisani, nabii akasema huo ni uponyaji, kuendelea kumeza ni kutomwamini Mungu. Ndani yangu naogopa. Nimeacha tangu Jumapili.
Dada wa Busia

JIBU: Dada yangu, hapa sitakupa mizani. Hiyo hofu yako inasema kweli, isikilize leo.

Virusi kutoonekana maana yake dawa imevibana mpaka vimekuwa vichache kiasi ambacho kipimo hakivioni, lakini vimejificha mwilini na ukiacha dawa vinarudi, mara nyingi ndani ya wiki chache tu, na vikirudi vinaweza kuwa vimejifunza kuishinda ile dawa uliyokuwa unameza. Unaweza pia kumwambukiza mwenzako, na kama una mimba au unanyonyesha, mtoto. Nabii wako amesikia habari njema kweli, ila amekuambia uache kitu chenyewe kilicholeta hiyo habari njema. Kuomba ni eneo lake na akuombee, dawa siyo eneo lake. Na kama anaamini umepona, uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa, akubali wewe uendelee kumeza na kituo waendelee kupima, Yesu mwenyewe alimwambia mwenye ukoma aliyemponya akajionyeshe kwa kuhani.

Usisubiri barua nyingine kutoka kwangu. Kesho asubuhi nenda kituo kilekile unakochukulia, dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, mwambie nesi ukweli kwamba uliacha tangu Jumapili na kwa nini uliacha, hatakuwa wa kwanza kusikia. Watakuambia unaanza tena vipi na lini urudi kupimwa. Mchukue mtu mmoja unayemwamini aende na wewe, na kama nabii atapiga simu kabla hujafika, usipokee mpaka utoke.